Kabla ya kununua spika za bei mbaya, kitazame chumba

Anayepata fedha za kuweka mziki wa maana nyumbani huuliza kwanza besi. Inapiga? Inatikisa? Nadhani hapo ndipo tunapopoteza hela. Spika za bei mbaya hutofautiana zaidi katika mambo mawili: zinavyobeba sauti ya mtu, na zinavyopatana na chumba.

Tuchukue mbili zilizo mbali kabisa. Klipschorn ilibuniwa na Paul Klipsch huko Hope, Arkansas, Marekani, na ikaanza kuuzwa miaka ya 1940. Ni kabati la mbao linalomfika mtu mzima kifuani, na kwa muundo wake wa asili halina budi kukaa kwenye kona, kwa sababu kuta za nyumba ndizo zinazokamilisha honi yake ya besi, yaani njia inayopanuka kama mdomo wa tarumbeta na kuikuza sauti. Kiwanda kinaitaja kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 105 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Ya pili, LS3/5A, ni spika ndogo ya wahandisi wa BBC, miaka ya 1970, iliyokusudiwa magari ya matangazo ya nje ambamo nafasi ilikuwa finyu mno. Kimo chake ni sentimita 30 hivi. Kwa wati hiyo hiyo moja inatoa desibeli 82 au 83.

Pengo la desibeli 20 peke yake ni nguvu mara 100. Klipschorn inatosheka na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, ya wati chache tu, na ngoma ikigongwa unashtuka. LS3/5A inataka amplifaya yenye pumzi, na ukizidisha inachoka. Kwa mwenye ukumbi mkubwa na hamu ya kusikia bendi kana kwamba iko mbele yake, sina ubishi: achukue honi.

Lakini fundi ndani ya gari la BBC alihitaji kitu kingine. Alitaka kujua kama sauti ya mtangazaji inatoka kama ilivyo kinywani mwake. Wahandisi wakakubali kuikosa besi ya chini kabisa ili sauti ya kati ikae sawa. Na humo katikati ndimo taarabu inamoishi: fidla, kanuni, udi, akordioni na mwimbaji mwenyewe. Msikilize Bi Kidude kwenye spika iliyotiwa chumvi kwenye besi, ule mkwaruzo wa koo unafunikwa. Msikilize kwenye spika iliyochongwa kali juu, fidla zinachoma masikio na yeye anakuwa mwembamba, jambo ambalo hakuwa kamwe. Spika nzuri inakupa hata pumzi anayovuta kabla ya ubeti.

Ndiyo maana mapenzi yangu yako kwa LS50 ya KEF, kampuni ya Maidstone, Uingereza, iliyokuwa ikitengeneza koni na twita (kispika cha sauti za juu) za LS3/5A zile za mwanzo. Ilitoka mwaka 2012, kuadhimisha miaka 50 ya kampuni. Twita imewekwa katikati ya koni, hivyo sauti yote inatoka sehemu moja, na anayekaa mwisho wa kochi hapati mabaki.

Sasa chumba. Sebule nyingi za Dar es Salaam na Mombasa ni matofali ya saruji, marumaru chini na vioo madirishani. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Kati ya kuta zilizoachana mita 4, mlio wa hezi 43 hivi, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, hunaswa na kujirudia, na kama chumba ni mraba, kuta nyingine mbili zinafanya vivyo hivyo kwa mlio ule ule. Ukiegemea ukuta unavumiwa. Ukisogea katikati ya chumba mlio huo umepotea. Spika ndogo imeshapungua nguvu kabla ya kushuka huko, kwa hiyo haiuchokozi sana ukuta. Klipschorn inataka kona mbili nzima, na kona zetu nyingi zina mlango.

Bei nayo isikutishe. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive, wakiwa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, waliwapa wasikilizaji spika wakiziona na bila kuziona. Macho yalipofungiwa nje, alama zilibadilika: kumbe macho nayo yalikuwa yakihukumu. Miongoni mwao walikuwamo wazoefu wa kusikiliza na wasio wazoefu.

Kwa hiyo tenga fungu la kapeti nene, mapazia mazito na rafu ya vitabu kabla hujaongeza hata shilingi kwenye spika. Ziinue kwenye stendi hadi twita iwe usawa wa masikio, uzitenge na ukuta. Ukienda dukani, beba wimbo unaoujua neno kwa neno, wa sauti ya mwanamke na ala chache, na umwombe muuzaji azime sabufa kwanza.