Umeme Unaotoboa Seli: Nje ya Mwili Sawa, Ndani ya Mwili Taratibu

Utando wa seli una unene wa nanomita 5 hivi, na vitu vingi haviupiti. Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake walionyesha kwamba mpigo mfupi wa umeme huweza kuutoboa utando wa seli za panya kwa muda, jeni ikapenya, kisha vitundu vikajiziba. Mbinu hiyo, elektroporesheni, sasa imefika vyumba vya upasuaji, na nadhani sifa zake zimetangulia ushahidi kidogo.

Uzuri wake ni kwamba haibagui. Virusi vinavyotumika kubeba jeni huhitaji seli yenye kipokezi kinachovikubali, baadhi yake hubeba mzigo mdogo tu, na kinga ya mwili huweza kuvishambulia. Umeme hauna habari na hayo. Tofauti ya volti kati ya pande mbili za utando ikikaribia 1, mafuta yanayoujenga hujipanga upya na vitundu vinafunguka. Bleomisini, dawa ya saratani ambayo yenyewe hupenya seli kwa shida, huongezeka ukali mara mamia ikiambatana na mipigo ya mikrosekunde 100. Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023, nayo hutegemea umeme kuingiza CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, kwenye seli shina za mgonjwa zikiwa nje ya mwili.

Nje ya mwili, hapo sina ubishi. Seli zikiwa kwenye kichupa chenye bamba mbili za metali, uga wa umeme (nguvu ya umeme inayoenea kati ya bamba hizo) unakaribia kuwa sawa kila mahali, na zilizokufa zinaweza kuhesabiwa kabla mgonjwa hajaguswa. (Hata hivyo chumvi ikizidi kidogo kwenye mchanganyiko, cheche inalia pa! na sampuli ndiyo imekwenda.) Ndani ya mwili usawa huo haupo. Uga ni mkali karibu na sindano inayopeleka umeme, milimita chache pembeni umeshafifia. Mafuta na misuli havipitishi umeme sawasawa, na seli kubwa hufunguka mapema kuliko ndogo. Mpigo ni uleule, lakini seli hii inakufa, ile inatoboka na kupona, nyingine haikuguswa kabisa.

Madaktari wa moyo, ambao hutumia umeme huo kuua seli zinazovuruga mapigo, wamenufaika na tofauti hizo. Misuli ya moyo hushindwa na uga mdogo kuliko umio ulio nyuma yake, kwa hiyo kutibu mapigo yasiyo na mpangilio kwa njia hii, iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2023, kunatishia umio kidogo kuliko kuunguza kwa joto. Shida ni kwamba ishara za umeme zikinyamaza baada ya mpigo, ni vigumu kujua papo hapo kama seli zimekufa au zimezimia tu. Zilizozimia huamka, na ugonjwa unaweza kurudi. Mipigo ikiwa mingi, chembe nyekundu za damu nazo hupasuka, na figo ndizo zinazoumia.

Na ile kauli kwamba mbinu hii "haina joto" isimezwe nzima nzima: ongeza mipigo, na nyama iliyo kwenye ncha ya sindano itapata moto.

Kwa uvimbe wa kongosho uliokumbatia mishipa mikubwa, ambako kisu na moto vyote ni hatari, kujaribu kuua seli zake kwa umeme kuna mantiki. Kwa uvimbe unaotolewa vizuri kwa upasuaji wa kawaida, haraka hiyo siioni ni ya nini.