Filamu za bahari hazijui kungoja

Babangu hakuwahi kuimaliza Titanic. Kaseti zilikuwa mbili, maana filamu yenyewe inapita saa tatu, na mjomba alizileta kutoka Mombasa zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni zisiingie maji ya chumvi. Televisheni iliwekwa chini ya zidaka, wanawake na watoto wa jirani tukajaa ndani, baba akaketi peke yake karibu na mlango. Kaseti ya kwanza ilipokwisha, yeye aliyekuwa nahodha wa mashua maisha yake yote aliuliza neno moja tu: meli kubwa kama ile, mashua za kuokolea watu mbona chache? Hakuna aliyemjibu. Akavaa kofia yake akaenda kuswali isha, na mwisho wake hakurudi kuuona.

Mimi si mjuzi wa sinema. Nakwenda ukumbini kama waendavyo wengine, Ijumaa usiku au Jumapili baada ya zamu, na wanangu wawili na pakiti ya bisi. Lakini filamu ya bahari siwezi kuitazama kama wenzangu. Nimezaliwa Lamu, Langoni, katika nyumba ambayo asubuhi huulizwa upepo kabla ya kuulizwa bei ya sukari. Huu ni mwaka wa kumi na sita naishi Minneapolis, katikati ya bara la Marekani, mbali na maji ya chumvi pande zote. Nimezitazama filamu za bahari zinazopendwa dunia nzima, nyingine mara tatu, na linaloniuma ni lilelile kila mara: zinaijua bahari ya siku ya msiba tu. Siku nyingine zote, zile za kungoja, hazimo.

Na kungoja ndiyo bahari yenyewe. Aliyewahi kwenda Faza au Siyu kwa mashua anaujua Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakijaa unapita. Maji yakipwa chombo kinakaa juu ya tope, na hapo hakuna nahodha wala injini ya kukutoa. Nikiwa na miaka tisa tulikwama pale tangu asubuhi hadi alasiri, tukienda arusi ya binamu. Hakuna aliyekasirika. Mama mmoja alifungua mikate ya mofa, mwingine alikuwa amebeba halwa ya arusi, ikaliwa palepale. Wazee wakapiga soga, mtoto mchanga akalazwa juu ya magunia. Na kule Faza arusi ilitungoja, kwa sababu kila mtu alijua maji yanajaa saa ngapi. Huku nikichelewa kazini dakika saba nakatwa robo saa, na sina wa kumwambia habari ya maji kupwa na kujaa.

Swali la baba nilikuja kulipatia jibu nikiwa huku. Titanic ilikuwa na mashua 20 zenye nafasi ya watu 1,178, na ndani ya meli walikuwamo zaidi ya watu 2,200. Usiku ule wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 walikufa kiasi cha watu 1,500. James Cameron, aliyeiongoza filamu, anayaonyesha hayo vizuri, simnyimi haki yake. Mapenzi ya Jack na Rose hayajawahi kunigusa sana. Kinachonitoa machozi ni yule mama wa daraja la chini anayewasimulia wanawe hadithi kitandani ilhali maji yanaingia, kwa kuwa anajua mlango wa juu hautafunguliwa. Yule namjua. Sura yake nimeiona kwa wanawake wa kwetu usiku wa kusi kali.

Hapa lazima niwape wa huku sifa yao. Walizika, wakajifunza. Kwenye maziwa ya Minnesota, hata mtumbwi wa watu wawili wa kuvulia samaki Jumamosi, sheria inataka kila aliyemo awe na jaketi la kuelea, na watu wanaifuata. Kwetu nimepanda mashua kutoka Mokowe mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, tumeshonana kama dagaa, na jaketi zimefungwa kamba chini ya turubai, za kuonyesha tu. Tunasema Mungu atatufikisha. Ndiye afikishaye, lakini jaketi halimpunguzii Mungu chochote. Hili nimelisema nyumbani kila nilipokwenda na nitaendelea kulisema.

Jaws, ile ya papa mla watu, niliiona na wazee ninaowahudumia. Nafanya kazi kwenye makao ya wazee, na Jumapili jioni wanawekewa picha za zamani. Bibi mmoja wa huko, mwenye miaka themanini na kitu, aliniambia tangu aione mwaka 1975 hajaingia baharini kupita magoti. Nilimwamini, kwa sababu filamu ile inatisha kweli, na inatisha kwa kuficha. Papa wa mashine aliharibikaharibika kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Steven Spielberg akalazimika kutuonyesha maji matupu, na maji matupu yakawa ya kutisha kuliko meno. Niliwaambia wazee wangu kwamba kwetu papa ndiye anayetuogopa sisi: anakaushwa, anapikwa kwa nazi, analiwa kwa wali. Walinitazama kimya.

Ila ile filamu ina kasoro ninayoiona nadhani kwa sababu ya nilikotoka. Bahari yake ni ya kuogelea. Mkuu wa polisi anayeogopa maji ndiye shujaa, msomi wa samaki anarudi salama, na Quint, mvuvi ambaye maisha yake yote ni chombo chake, anachorwa kama mwendawazimu kisha analiwa. Mtu mmoja tu anayeishi kwa bahari, naye ndiye anayetolewa kafara. Kwetu Quint angekuwa mzee wa kuombwa ushauri.

Sasa Captain Phillips, ya nahodha anayetekwa na maharamia wa Kisomali, ambayo kwangu ndiyo ngumu kuliko zote.

Ilipotoka mwaka 2013 mji huu ulijaa fahari. Barkhad Abdi, aliyecheza mkuu wa maharamia mbele ya Tom Hanks, alikuwa kijana wa hapahapa Minneapolis, hajawahi kuigiza popote. Walipotafuta waigizaji wa Kisomali walijitokeza zaidi ya watu 700, na katika jengo ninamoishi karibu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyekwenda kujaribu. Nilikwenda kuitazama na majirani zangu wa Kisomali. Ukumbi wa huku kwa kawaida ni kama msikitini wakati wa hotuba, hakuna anayetia neno, lakini usiku ule akina mama walikuwa wakijibu skrini, wakiwakemea wale vijana kama wanao, na kwa saa mbili nilijiona niko nyumbani. Abdi alistahili kila kitu alichopata, tuzo ya BAFTA na kuteuliwa kwa Oscar. Macho yake yalikuwa macho ya njaa, si ya ukatili.

Kisa chenyewe ni cha kweli: Aprili 2009, meli Maersk Alabama, ikielekea Mombasa. Mombasa! Ndani ya filamu ni jina la bandari tu, mahali ambapo meli haijafika. Hata bahari yenyewe si yetu, ilipigwa kwenye maji ya Malta, na nilipolijua hilo nikaelewa kwa nini rangi ile iliyakataa macho yangu. Filamu inamalizika nahodha akiwa kwenye chumba cha matibabu cha manowari, anatetemeka, hawezi hata kujibu anaumwa wapi. Sijaona Hanks akiigiza vizuri kuliko dakika zile. Kisha taa zikawaka, watu wakachukua makoti yao.

Kwetu taa hazikuwaka. Mwaka 2011 watalii walitekwa Kiwayu, kisha Manda, na msimu ule Shela, kijiji chetu cha hoteli, ilibaki na vitanda vitupu. Wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, kwa miaka. Kakangu ni mvuvi wa usiku, kama alivyokuwa baba mdogo. Nyavu zake zilikaa ndani hadi panya wakazitoboa, na mimi nikawa natuma pesa za unga kwa mtu ambaye hajawahi kuomba pesa ya unga. Maharamia wanne kwenye mashua ya kuokolea, wanajeshi wa majini wenye bunduki, nahodha analia: hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Sehemu kubwa ni mwanamume amekaa kwenye ukuta wa gati wakati wa magharibi, anatazama maji anayoyajua kama kiganja chake, haruhusiwi kuingia. Filamu ya mtu huyo ningeilipia tiketi mara kumi.

Huku pia wapo wanaojua kungoja, nimewakuta mahali ambapo sikutarajia. Januari baridi ikifika digrii 20 chini ya sifuri, maziwa ya huku, na namba za magari za jimbo hili zinajivunia kwamba yako 10,000, huganda hadi magari hupita juu yake. Watu huburuta vibanda hadi katikati ya ziwa, hutoboa tundu kwenye barafu na kukaa na mshipi kuanzia asubuhi hadi giza. Mara ya kwanza mume wangu aliponipeleka niliona wazee wawili wameketi kwenye viti vya kukunja, thermosi ya kahawa kati yao, hawasemi, na moyo wangu ukaenda moja kwa moja Mkunguni, kwa wazee wa mbele ya ngome. Ndiyo maana Grumpy Old Men ya mwaka 1993, ile ya Jack Lemmon na Walter Matthau, majirani wawili wa Minnesota wanaogombana maisha yao yote na kuvua kwenye barafu, naiweka juu kuliko filamu nyingi zenye mawimbi. Bahari haimo hata tone. Lakini aliyeitengeneza anajua kwamba uvuvi ni kukaa.

Binti yangu ananiambia nimeisahau Moana, katuni ya msichana wa visiwa vya Pasifiki anayesafiri baharini. Sijaisahau. Vyombo vyake vina mti wa pembeni wa kukiweka chombo sawa, kama ngalawa, na yule msichana anapoinyoosha mikono kupima nyota nilimwambia binti yangu: ndugu za mababu wa watu wale walivuka hadi Madagaska. Alimpigia mjomba wake simu kumuuliza kama naye hupima nyota. Mjomba akamwambia siku hizi hutazama simu, na simu ikizima hutazama Mungu alichoweka. Binti aliridhika. Mimi nimeipenda filamu ile kwa sababu ya bibi yake Moana, mzee anayecheza na maji ufukoni na haogopi kitu.

Kwetu husema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: zunguka nyuma ya chombo na mbele yake, mwisho utarudi tumboni mwake. Filamu moja tu ndiyo ninayoiona imejaribu kuyasema marejeo hayo, nayo ni Cast Away ya mwaka 2000, ya mtu anayekwama peke yake kisiwani. Hanks tena. Watu husifu sehemu ya kisiwani, na kweli ni kazi kubwa: upigaji ulisimamishwa karibu mwaka mzima ili akonde na ndevu zimee. Ila mimi kisiwa nakipita haraka. Ninayoitaka ni ile nusu saa ya mwisho, mtu amerudi baada ya miaka minne, walishamzika jeneza lisilo na maiti, mchumba wake Kelly ameolewa na ana mtoto. Karamu ya kumpokea imekwisha, kaa wamebaki mezani, naye anawatazama tu. Nilikaa mbele ya sahani kama ile nyumbani kwetu mwaka 2014, safari yangu ya kwanza kurudi, kila mtu ameshakwenda kulala, nisijue nianze wapi.

Safari hiyo niliiweka filamu ile kwenye kompyuta, nikamtazamisha bibi, mamake mama. Macho yake yalikuwa yamepunguka, kwa hivyo nilimsimulia kwa Kiswahili kila kilichopita. Mumewe, babu yangu nisiyemjua, alitoka na dau kwenda kuvua kabla mama hajaota meno. Dau lilipatikana, yeye hapana. Bibi alikwenda kwa kadhi, akakaa eda pasipo kaburi.

Tulipofika kwa Kelly akauliza, "Na yeye, alikaa eda?"

Nikamwambia kwao hawana eda.

"Basi alikaa na nini?"

Nikamweleza kwamba alikuwa ameliweka gari la yule mwanamume miaka yote hiyo, chini ya paa la nyumba aliyoolewa, na usiku ule anamkabidhi funguo. Bibi alinyamaza. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, nimsimulie tena hapo kwenye gari. Nikarudisha.

"Mimi lile dau nililikalia miaka mitatu," alisema. "Waliniambia uza, linapasuka kwa jua. Nikakataa. Nilipouza, aliyelinunua alilipaka rangi nyingine, akalipa jina jingine. Lakini nililijua kwa omo lake. Likipita nikiwa darini naanika nguo, nasimama hadi lipite."