Bolti ya bunduki kwenye baridi kali: kavu au ya mafuta?

Aliyewahi kuamka Limuru au Njombe mwezi wa Julai akakuta mafuta ya nazi yameganda chupani ameshaelewa nusu ya ubishi huu. Mafuta hayo huganda kwenye nyuzi 24 hivi. Oili ya kawaida ya bunduki huvumilia zaidi, lakini ukiipeleka kaskazini mwa Kanada kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri huwa nzito kama asali, na bolti, kile chuma cha kusogezwa kwa mkono kinachoziba nyuma ya mtutu, iliyokuwa ikienda kwa kidole kimoja sasa yataka kiganja kizima.

Hapo ndipo wawindaji na walenga shabaha wanapogawanyika. Wengine husema osha mafuta yote, piga kavu. Wengine hujibu kwamba chuma kikisuguana na chuma kitaliwa, hivyo badili kilainishi, usikiondoe. Kwa maoni yangu wanabishania sehemu mbili tofauti za bolti moja.

Wa kavu wako sahihi ndani ya bolti. Humo mna pini ya kufyatulia na springi yake. Pini husafiri milimita chache tu, na nguvu yake yote ni ya springi. Ikizungukwa na oili nzito hupoteza mwendo na kuigonga kapsuli, kile kiwashio kidogo kilicho kwenye kitako cha risasi, kinyonge: utasikia “ta”, na risasi isilie. Usifungue bolti papo hapo. Elekeza mtutu pasipo na mtu, subiri sekunde 30, kisha itoe risasi uitazame. Ukikuta kapsuli ina kidoa tu badala ya kishimo, basi shuku mafuta kabla hujamlaumu mtengeneza risasi. Katika biathloni, mchezo wa mbio za ski na kulenga shabaha, mbio hazianzishwi baridi ikipita nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini hata kabla ya kufika hapo pini inayogonga leo kwa nguvu na kesho kwa ulegevu hutawanya shabaha.

Kwa hiyo hakikisha chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) na magazini ni tupu, chomoa bolti, ifungue kama mwongozo wa bunduki unavyoelekeza, uoshe pini, springi na tundu lake kwa kiyeyusha grisi, mahali penye hewa na pasipo na moto. Kausha kabisa. Kisha pitisha kitambaa chenye tone moja la oili nyepesi ya baridi, ufute tena kana kwamba unajutia. Mafuta ya taa ni dawa ya zamani, lakini yakishakauka huacha chuma uchi, na kutu haingoji.

Wa mafuta nao wana haki yao kwenye meno ya kufungia, yale yanayoishika bolti isirudi nyuma risasi inapolia, na ule mteremko wa kukokia, ambao ndio unaobana springi unapoinua mkono wa bolti. Sehemu hizo ni ndogo na mgandamizo ni mkubwa. Chuma cha pua hupendwa kwenye nchi za baridi kwa kuwa hakishiki kutu upesi. C19, bunduki ya Canadian Rangers (askari wa akiba wa kaskazini mwa Kanada) iliyorithi nafasi ya Lee-Enfield, bunduki yao ya zamani, ina mtutu wa chuma hicho. Lakini vipande viwili vya chuma cha pua vikisuguana vikavu hung’atana na kunyofoana. Paka nyuma ya kila jino grisi ya sintetiki isiyozidi nusu ya punje ya mchele, iliyoandikwa kwamba hufanya kazi hadi nyuzi 50 chini ya sifuri. Grisi ya bearingi za gari hapana. Unga wa grafiti nao husifiwa kupita kiasi: huteleza vizuri kwa msaada wa unyevu wa hewani, na hewa ya baridi kali ni kavu mno.

Usiamini lebo peke yake. Dondosha tone la kila oili uliyonayo kwenye kipande cha bati, kilaze ndani ya friza usiku kucha, asubuhi kiinamishe. Tone lisilosogea kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri halina kazi kwenye nyuzi 30.

Hata hivyo, bolti nyingi zinazolaumiwa kwa mafuta zimeganda kwa maji. Bunduki iliyotoka nje ikiingizwa kwenye chumba chenye joto hutoka jasho. Ikirudishwa nje, jasho hilo huwa barafu ndani ya tundu la pini. Iache kwenye stoo ya baridi yenye kufuli, au ikiwa tupu uifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuvuka mlango, ukaufungue baada ya saa kadhaa, chuma kikishafikia joto la chumba.