Mlima wa Ubuyu na Kanzu ya Diwani

Watoto wetu hapa Tanga mlima wanaoujua ni Usambara, na Usambara haujawahi kumtisha mtu zaidi ya basi la Lushoto linapokata kona. Ukiwaambia kuna mlima unaotapika moto, wanakutazama wakisubiri useme "hadithi hadithi" ili waitikie "hadithi njoo".

Ndiyo maana siku ya wazazi ilipokaribia niliwaambia vijana wa klabu ya sayansi tuachane na kuchora mmea kwenye karatasi ya manila. Kila mwaka mmea. Wazazi wanapita, wanasema "mashallah", wanaelekea kwenye pilau. Safari hii, nikasema, tunajenga Ol Doinyo Lengai.

Kwa nini si Kilimanjaro? Kwa sababu Kilimanjaro ni mzee aliyestaafu. Mawenzi na Shira zilikwisha kufa zamani, na Kibo yenyewe, pamoja na mita zake 5,895, imelala. Anayeamkia kazini ni Lengai, kule kusini mwa Ziwa Natron, ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Tena lava yake haina mwenzake: hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya kaboneti iliyojaa sodiamu na potasiamu. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, karibu nusu ya lava za kawaida. Inatoka nyeusi, nyepesi mno, halafu ikipata unyevu inageuka nyeupe. Kwa lugha ya jikoni, mlima ule unatapika ukoo wa magadi. Sasa niambie, mwalimu gani mwenye pakiti ya magadi soda mkononi atarudi kwenye mmea?

Mlima tukaujenga kwa udongo wa kichuguu, maana ule ukikauka haupasuki ovyo. Ndani tukazika chupa ya maji ya nusu lita, mdomo ukabaki juu ndiyo kreta. Ubavuni tukapaka mkaa uliosagwa, kileleni chokaa. Mtambo wenyewe ulikuwa hivi: chupani siki na matone ya sabuni ya kuoshea vyombo; magadi soda inafungwa kwenye karatasi ya chooni, kifurushi chembamba kama kidole. Karatasi inachelewesha siki kufika kwenye magadi, mtoto anapata nafasi ya kurudi nyuma hatua mbili. Vikishakutana inatoka hewa ukaa, sabuni inaigeuza povu, mlima unalipuka. Tuliujaribu nyuma ya stoo. Povu lilishuka kwa adabu zote, likaishia miguuni pa mlima.

Asubuhi ya sherehe, siki haipo. Wapishi wa pilau walikuwa wameipitia kwa ajili ya kachumbari, na ukitaka ugomvi siku ya sherehe, nenda kamuulize mpishi.

Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa klabu, binti wa darasa la sita, mwembamba, sauti ya kadhi. "Mwalimu, kwani ubuyu nao si mchachu?" Sikuwa na la kupinga. Unga wa ubuyu una asidi za kutosha, na pale getini yupo mama anayeuza juisi ya ubuyu nyekundu, ile ambayo mtoto akinywa ulimi unamshitaki siku nzima. Lava na rangi yake juu, bei ya soda moja. Chupa ikajazwa mpaka shingoni.

Wakati huo huo vijana wawili wa idara ya vifurushi walikuwa wamenuniana kuhusu mpira. Hawasemeshani. Kila mmoja akaamini mwenzake hajafunga magadi, akafunga yake. Na mmoja, kwa kuchelea aibu ya mlima kugoma mbele ya wazazi, akafunga pakiti nzima.

Mgeni rasmi alikuwa diwani mmoja, mtu mzima, kofia ya viua, koti jeusi, na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikawa inajisimamia. Akafika kwenye meza yetu na msafara wake wote: mwalimu mkuu, kamati ya shule, mshereheshaji na kipaza sauti chake.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba mwanangu. Mlima gani huu?"

"Ol Doinyo Lengai, mheshimiwa. Ni volkano hai, ila kwa sasa imetulia."

Binti akamwaga somo bila kukata pumzi, kisha akamwashiria kijana wa kwanza. Kifurushi kikaenda kreta. Kikanasa. Kilikuwa kile kinene, kikakwama shingoni mwa chupa nusu ndani nusu nje. Kijana wa pili, akiona mwenzake kaharibu, akachomeka cha kwake juu yake.

Kimya. Mama mmoja nyuma akauliza kama mlima nao unasubiri posho.

Watu wakacheka, na diwani hapendi watu wacheke bila yeye kuwa chanzo. Akavaa miwani, akainama, ndevu zikawa juu ya kreta kabisa. "Mmeziba njia hapa. Sisi tuliosoma zamani vitu hivi tulikuwa tunazibua wenyewe." Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa koti.

"Mheshimiwa, naomba usi..."

Akachokoa.

Mlima ulianza kwa kukoroma. Halafu kalamu ikarudi juu peke yake, ikapita kando ya sikio la katibu wa kamati. Nyuma yake likaja povu jekundu, zito, refu, na halikushuka miguuni kama lile la majaribio, lilipanda. Lilishika ndevu, likaziba miwani, likateremka kifuani kwenye ile kanzu, likaingia mfuko wa koti kutafuta kilichobaki. Sahani ya korosho ya meza kuu ikazama.

Mshereheshaji, ambaye wakati huo alikuwa anasoma ratiba, akasikia kishindo tu. "Makofi kwa klabu ya sayansi!" Wazazi wakapiga makofi. Wengine wakasimama.

Na yule binti, sijui alilelewa na nani, hakutikisika. Aliendelea na somo lake huku mgeni rasmi anatafuta kwa mikono mahali miwani ilipo usoni:

"Kama mnavyoona wazazi wetu, volkano hazilipuki kwa namna moja. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikiwa nyepesi kama ya Lengai siku zake za kawaida, gesi inatoka bila shida na lava inatiririka. Magma ikiwa nzito, au njia ikiziba, gesi inakosa pa kupitia. Inajikusanya. Ndipo inapotoka kwa nguvu. Hata Lengai wenyewe, baada ya miaka mingi ya kutoa lava taratibu, mwaka 2007 ulilipuka na kurusha majivu angani."

Ilikuwa sahihi kabisa. Ubuyu ni mzito kuliko siki, povu lake linang'ang'ania hewa na halipasuki upesi, na kifurushi kilifanya kazi ya kizibo mpaka kalamu ilipokisukuma chini. Ningempa alama zote papo hapo kama mwalimu mkuu asingekuwa ananitazama kwa jicho la barua ya kujieleza.

Mwalimu mkuu akaja mbio na taulo. Diwani akajipangusa jicho moja, akaelekeza kidole chekundu kwenye mlima.

"Sasa umekufa huu?"

"Hapana mheshimiwa," binti akajibu. "Volkano hai ikinyamaza haina maana imekufa."

Mwalimu mkuu akainama kuokota kalamu ya mheshimiwa chini ya meza. Alipoinuka, uso wake ukawa sawasawa na kreta, na ndiyo saa kile kifurushi cha pili kilipomaliza kulowa.

Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kusikia. Aliahidi kutufuatilia maabara, akasema serikali inawajali wanasayansi wadogo, akaomba maji. Watoto wa mstari wa mbele hawakusikia hata neno, walikuwa wanahesabu sehemu za ndevu zilizobaki nyeupe. Mtaani siku hizi anaitwa Mheshimiwa Lengai, na nasikia jina hilo halimchukizi sana kadiri uchaguzi unavyokaribia.

Kanzu ilinifuata nyumbani. Ililetwa na mjukuu wake ndani ya mfuko, na salamu: "Bibi anasema, mwalimu kama unajua kuchanganya, basi ujue na kuchanganua."

Nikajaribu limau na chumvi. Nikajaribu jua. Doa likahama kutoka nyekundu kwenda waridi, likatulia hapo. Mwishowe nikaipeleka kwa dobi wa sokoni, mzee asiyeshtuka na kitu. Akaikunjua, akaiinua kwenye mwanga, akanitazama.

"Damu?"

"Ubuyu."

Akaikunja tena, akanirudishia. "Ingekuwa damu tungezungumza."