Kabla ya kusimika mapangaboi baharini, hesabuni ndege kwanza

Mimi naongoza wageni wanaokuja kutazama ndege wa porini hapa Arusha, na kuna utani nimeshauchoka, eti watu wa ndege hawataki maendeleo. Ikija habari ya mitambo ya umeme wa upepo inayosimikwa baharini huko Ulaya na Marekani ndio usiseme, mtu anakuambia "yani umeme usubiri shakwe, ndege wa baharini?" Hapana bana, hakuna aliyesema usubiri milele. Watu wanauliza unaiweka wapi, na umehesabu kilichopo au umekisia tu.

Mgeni mmoja Mwingereza nilikuwa naye Engikaret, njia ya Namanga, tunatafuta kile kindege cha Beesley ambacho duniani kote kinapatikana uwanda ule tu. Upepo wa pale mnaujua, stendi ya darubini inatetemeka mpaka huoni kitu. Tukiwa tunasubiri utulie akaanza kunipa stori za kwao Yorkshire, wale shakwe wanaoitwa kittiwake wanataga kwenye majabali halafu wanaenda kuvua mbali baharini, na huko huko ndiko mitambo ya upepo ya Hornsea inakojengwa, mpaka mradi wa Hornsea Three ulipopewa kibali mwaka 2020 ukaambiwa uwajengee ndege sehemu za bandia za kutagia. Na huyu mzee nyumbani kwake kafunga sola, sasa huyo ndio anapinga umeme safi?

Shida ya baharini ni kwamba ushahidi unazama. Nchi kavu ndege akipigwa na panga anadondoka, unamwokota, unaandika. Kule anaenda na maji, hakuna mzoga hakuna hesabu, ndio maana inabidi watumie rada na kamera. Halafu kuna ambao hawagongwi kabisa, wale diver wenye koo jekundu, ndege wanaozamia samaki Bahari ya Kaskazini, wanaikwepa mitambo kwa kilomita kadhaa, yani hajafa mtu ila sehemu ya kutafutia chakula imepotea, na hilo kwenye orodha ya vifo huwezi kuliona.

Ah, na ile hoja kwamba paka wanaua ndege wengi kuliko mitambo. Ni kweli, Marekani watafiti walikadiria paka wanaua ndege kama bilioni 2.4 kwa mwaka. Sawa, lakini niambie paka gani kamuua tumbusi. Tumbusi anataga yai moja, na mpaka aanze kuzaa ni miaka mitano au zaidi, ndege wa baharini kama gannet naye hivyo hivyo, kwahiyo ukipoteza wakubwa wachache kila mwaka kundi linaisha taratibu na wewe bado unalinganisha na shomoro wa uani.

Wanaonikera zaidi ni wanasiasa waliokumbuka ndege jana. Trump aliposimamisha ugawaji wa maeneo mapya ya upepo baharini Januari 2025 alikuwa ameshalalamikia vifo vya ndege miaka kibao, ila kwenye kuchimba mafuta huruma hiyo siioni. Watu wa ndege wasikubali kubebwa na hao.

Maana inawezekana umeme wa upepo na ndege vikakaa pamoja. Kipeto hapo Kajiado, Kenya, kuna mitambo 60 ya upepo, megawati 100, na tumbusi wa kule ndio majirani zetu, mpaka wa Namanga hawaujui. Wamewekwa watu wenye darubini, wakiona tumbusi anasogea wanatoa taarifa, mtambo unazimwa. Smøla, Norway, walipaka panga moja kati ya matatu rangi nyeusi na vifo vya ndege kwenye mitambo hiyo vikapungua kwa zaidi ya asilimia 70. Lakini hiyo ni nchi kavu na kwa mitambo michache, baharini sijui nani atabeba rangi, ila angalau walijaribu.

Sasa huku kwetu. Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo baharini, kuna ndege wa baharini wanazaliana pale, delta ya Rufiji inapokea ndege wa pwani kutoka mbali, na kozi wa Amur wanavuka bahari kutoka India mpaka Afrika, Novemba na Desemba tunawaona huku juu wakifuata mvua na kumbikumbi. Wanapita wangapi pwani yetu, usiku au mchana, kimo gani? Hayo ndiyo ya kujua kabla mtu hajaja na ramani yake ya mitambo, sio baada. Vijana wa chuo cha wanyamapori cha Mweka hapo Moshi wanafundishwa kuhesabu wanyama porini, wapewe boti na mafuta waende na baharini, tena waanze msimu huu wa vuli kozi wakiwa njiani.