Mfuko wa jamii Kigoma: fedha ilale au iliwe?

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huohuo, mjini Cleveland, Marekani, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki, Frederick Goff, alianzisha mfuko wa jamii wa kwanza wa aina yake. Kilichomsumbua ni wosia: tajiri anaagiza mali yake ifanye kazi fulani, anafariki, kazi yenyewe inapitwa na wakati, na fedha inakwama. Akataka watu wa mji waweke sadaka zao chungu kimoja, mtaji usiguswe, faida igawiwe na kamati kulingana na shida za wakati huo. Kenya ina mfuko wa namna hiyo, Kenya Community Development Foundation, tangu 1997.

Je, Kigoma inauhitaji?

Mkoa huu umepokea misaada mingi, hasa tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa 1996, lakini kalenda yake hupangwa mbali. Mfadhili akibadili vipaumbele, kibao cha mradi kinabaki kando ya barabara, rangi imechujuka, na pampu nyuma yake inasimama kwa kukosa kipuri kidogo tu. Mfuko wenye mtaji wake ungenunua kipuri hicho mwaka huu, mwakani na miaka 20 ijayo, bila kumwandikia andiko mtu asiyewahi kukanyaga Kigoma.

Lakini nenda Kibirizi, mwalo wa wavuvi mjini Kigoma. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 nchi nne za Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Mama anayenunua dagaa kwa beseni na kuwaanika jua likichomoza, hakuwa na cha kuanika. Ukimwomba shilingi elfu tano ikalale benki, atakuuliza itazaa lini, na ana haki ya kuuliza. Tuseme tumechanga milioni 100 na kununua hati fungani, yaani kuikopesha serikali, kwa riba ya asilimia 10. Kwa mwaka ni milioni 10. Toa 3 au 4 zirudi kwenye mtaji usiliwe na mfumuko wa bei, toa mhasibu na ukaguzi. Kinachobaki hakifiki hata nusu ya darasa: mwaka 2021 serikali ilitenga milioni 20 kwa darasa moja.

Zaidi ya hapo kuna uaminifu, na hapa ndipo penye uzito. Mikopo ya halmashauri, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu ilisimamishwa 2023, mabilioni yakiwa hayajarejeshwa. Lakini VICOBA, vikundi vya wananchi vya kuweka na kukopeshana, vinadumu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha inahesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama wote.

Mimi nauunga mkono mfuko, ila si ule wa Goff kama ulivyo. Yeye alikuwa na matajiri wenye wosia. Sisi tuna vikundi, na tuna wana Kigoma walioko Dar es Salaam wanaochangia misiba na harusi kwenye makundi ya WhatsApp. Nusu ya michango ilale, nusu itumike ndani ya mwaka, hadi mtaji ukomae. Na hesabu isomwe hadharani Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza, shilingi kwa shilingi. Mjumbe wa bodi asiyekuwa tayari kusimama mwaloni Kibirizi na kusoma risiti mbele ya wale mama wa dagaa, asipewe ufunguo.