Kizingia cha Sumaku Hakifai Kufanywa Ghala

Mwaka 2000 watafiti wa Japani walitumia hadubini ya nguvu za sumaku kuonyesha kwamba katikati ya kisahani kidogo mno cha Permalloy, yaani aloi ya nikeli na chuma, kuna kiini cha usumaku kilichosimama wima, kikielekea ama juu ama chini. Tangu hapo vizingia vya sumaku, yaani visahani ambavyo usumaku wake hukizunguka kiini hicho, vimenadiwa kwa ahadi ileile: juu iwe moja, chini iwe sifuri, na kumbukumbu mpya ya kompyuta imepatikana. Naona ahadi hiyo iliwaelekeza wengi kusikofaa, kwa sababu faida ya kizingia imo katika mtikisiko wake.

Utando wa Permalloy wenye unene wa makumi machache ya nanometa (nanometa ni sehemu ya bilioni ya meta) ukichongwa kuwa visahani vyenye kipenyo cha, tuseme, nanometa 500, umbo lenyewe ndilo linaloamua usumaku ukaeje. Ncha za sumaku zikijitokeza ukingoni nishati hupanda, na ili kuliepuka hilo, sumaku ndogondogo za atomi hujipanga kufuata mviringo, zikizunguka kama maji ya kizingia. Kadiri unavyokaribia kitovu, majirani wangelazimika kuelekeana kinyume, jambo ambalo nguvu zinazoziunganisha atomi hazilikubali. Kwa hiyo huinuka pamoja na kusimama wima katika eneo la takriban nanometa kumi. Kisahani kikiwa kidogo au chembamba kupita kiasi, kizingia hakijengeki, na usumaku wote huelekea upande mmoja.

Sasa tuje kwenye resonansi. Mwanafizikia Griffiths aliigundua katika metali za sumaku huko Oxford mwaka 1946, na mwanafizikia Kittel akaifafanua kihesabu muda mfupi baadaye: mawimbi yanapolingana na masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ambayo usumaku huyumba kwayo, metali huyafyonza. Katika utando usiochongwa jambo hili kwa kawaida hutokea kwenye gigahezi kadhaa. Katika kisahani huongezeka mwendo mwingine wa polepole zaidi, ambapo kiini chenyewe hukizunguka kitovu kwa masafa ya megahezi mia kadhaa, na masafa hayo hutegemea hasa uwiano wa unene na nusu kipenyo. Maana yake ni kwamba fundi anaweza kuchagua masafa kwa kuchonga tu, bila kubadilisha metali. Zaidi ya hayo, upande ambao kiini huzungukia, wa saa au kinyume chake, hutegemea kama kimeelekea juu au chini. Sifahamu sumaku nyingine sahili hivi inayoeleza mengi kiasi hiki kwa kutikiswa tu.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 na Van Waeyenberge na wenzake lilisomwa na wengi kama ushindi wa kumbukumbu. Uga wa sumaku usiobadilika wa karibu tesla 0.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga) unahitajika kukigeuza kiini, lakini wao walikigeuza kwa mipigo mifupi ya uga unaobadilika-badilika wa militesla 1.5 tu, uliolinganishwa na masafa ya kiini. Mimi nalisoma kama ushahidi wa nguvu ya resonansi. Kwa upande wa ghala la data hesabu haikubali: kisahani cha nanometa mia kadhaa ni kikubwa mno mbele ya nafasi ya biti moja (moja au sifuri) katika diski za kawaida, na visahani vikisogezwa karibu, viini vyake vikitikiswa huathiriana.

Mwaka 2017 watafiti wa Ufaransa na Japani walichukua kifaa kimoja cha kizingia chenye kipenyo cha nanometa 375, wakakitikisa kwa mkondo wa umeme, na kikatambua tarakimu zilizotamkwa kwa usahihi uliofikia asilimia 99.6. Ni kweli kwamba uchujaji wa sauti uliotangulia ulifanya sehemu kubwa ya kazi, na waliolishangilia jaribio hilo wangefaa kulitaja hilo. Hata hivyo, hapo kizingia kilitumiwa kwa kazi kinayoiweza.

Kikwazo ninachotamani kishughulikiwe zaidi ni upotevu wa nishati. Katika Permalloy, kiini kilichotikiswa hutulia ndani ya makumi ya nanosekunde. Ganeti ya itriamu na chuma, aina ya fuwele yenye sumaku, hupoteza nishati kidogo zaidi kwa mbali, lakini ni kihami, na mkondo ule uliokiendesha kifaa cha mwaka 2017 hauwezi kupita ndani yake.